Majivu ya Wifi

Katika nyumba ya mzee Akolgo, pale Tengbisi, hapakuwa na mtu aliyejua utamu wa kuwa wifi kumzidi Azumpoka. Alikuwa ameolewa mbali, akazaa, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake na vyungu vyake vya kupikia pombe ya mtama, na siku aliyorudi wake wa kaka zake walijua kwamba wamepatikana. Alikuwa na mdomo. Alimpa kila mtu vidonge vyake, hadharani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kisha akamsogezea kibuyu cha pombe kana kwamba hakuna lililotokea. Watu walimlalamikia sana, na wote walikutana kwake jioni.

Kaka yake wa mwisho, Ayamga, ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Azumpoka ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na kaka huyo alipooa binti mmoja mpole kutoka ng'ambo ya vilima vya mawe, jina lake Lamisi, Azumpoka alicheza ngoma mpaka kisigino kikapasuka. Hakuwa akishangilia harusi tu. Alikuwa akishangilia siku itakayofuata, siku yake yeye, siku ya majivu.

Maana mwanamke akishika mimba ya kwanza katika nyumba za Wafrafra, kabila la watu wa Tengbisi, jambo hilo halitajwi. Tumbo linaweza kumfika puani, wote wakaliona, na bado hakuna wa kulisema: si mwenyewe, si mumewe, si mama mkwe. Mwenye haki ya kulisema ni wifi, dada wa mume. Yeye ndiye anayemvizia asubuhi moja, anammwagia majivu na kumtangazia mbele ya watu, "Una mimba!" Hapo ndipo mizimu ya nyumba inapopata habari rasmi, na hapo ndipo kila ulimi unapofunguliwa. Kabla ya hapo bibi harusi akiumwa, anaumwa kimya.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imepindua mambo ya afya juu chini. Zamani nesi alikaa mjini Bolgatanga akingoja wagonjwa, na mgonjwa akifika alikuwa ameishiwa nguvu au ameishiwa pumzi. Wakubwa wakaamua kwamba nesi ndiye ahame: aishi kijijini, alale huko, apande pikipiki awafuate watu majumbani. Tengbisi walikipokea kituo chao cha afya kwa mikono miwili. Chifu alitoa kiwanja, wanaume walifyatua matofali, wanawake walibeba maji na kukandika sakafu huku wakiimba. Na mpango ulifaa, tusiunyime haki yake. Chanjo zilienea, homa za watoto zilitibiwa siku ileile, makaburi madogo yakapungua.

Jambo moja tu liligoma. Wanawake wenye mimba ya kwanza hawakuja, au walikuja uchungu umekwisha kuwashika, na hao ndio waliokuwa wakifa. Mkurugenzi wa afya wa wilaya, bwana Atanga, alikuja barazani kwa chifu akasema tatizo ni elimu. Watu walimpigia makofi, wakamchomea kanga wawili wanono, akala, akashukuru, akaondoka. Waliopanga mpango ule walifikiria dawa, mabati, pikipiki na jokofu la chanjo. Wifi hawakumfikiria.

Nesi aliyepangiwa Tengbisi aliitwa Sista Perpetua Ziem, Mdagaaba wa upande wa magharibi, mwanamke wa miraba minne mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Wafrafra na Wadagaaba ni watani, na utani wao ni wa kichwa cha mbwa: kila upande hudai mwenzake ndiye aliyekiiba chunguni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Perpetua alikuwa mtu wa nyumbani.

"Nesi, mbona kituo kinanuka supu?" Azumpoka alikuwa akimpigia kelele akipita. "Kichwa chetu kiko humo?"

"Ingia utafute! Ukikikuta, ujue mumeo marehemu ndiye alikiacha!"

Walipendana kwa namna hiyo.

Siku ya kupima watoto, mizani ikiwa imetundikwa kwenye boriti ya baraza la kituo na akina mama wamejaa, Lamisi alikuja kumsaidia mke wa shemeji yake kubeba mapacha. Perpetua alimtazama mara moja, akamtazama tena, akafurahi. Kwao, Wakatoliki wa siku nyingi, habari ya mimba ya kwanza ilikuwa haifichwi tena.

"Lamisi! Kumbe na wewe umo!" alisema kwa sauti yake yote. "Njoo mama, mimba hiyo tuipime leo leo, usiningojeshe!"

Mwanamke mmoja aliziba masikio ya mtoto aliyekuwa hajui hata kutembea. Lamisi aliweka pacha chini, akajitanda kitambaa usoni, akaondoka mbio mbio bila kuaga.

Habari ilimfikia Azumpoka kabla Lamisi hajafika nyumbani. Alikuwa akikoroga pombe, na mwiko akautupa.

"Kaniibia!" alipiga ukunga. "Mla mbwa yule kaniibia majivu yangu! Mimi nimembeba Ayamga mgongoni, mimi nimemfuta makamasi, halafu mtu kutoka huko sijui wapi, na viatu vyake vyeupe, anakuja kunitangazia mimba ya nyumba yangu juu ya mizani!"

Mzee Akolgo aliita watu wake. Alikuwa mzee mkavu, mkaidi, aliyesikia vizuri alipotaka na vibaya alipotaka. Akasema neno limetoka kwa mgeni, mizimu ya nyumba imesikia habari zake barabarani kama wapita njia. Sasa lazima iombwe radhi kwa mtama mpya na kuku mweupe. Majivu yangoje mavuno. Mpaka siku hiyo Lamisi asikanyage kituoni.

Azumpoka aliunga mkono kuliko wote. Mtama mpya maana yake pombe mpya, pombe mpya maana yake sherehe ya kufuta aibu, na yeye katikati na kibuyu chake cha majivu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia mawifi wenzake wafunge bibi harusi zao ndani, nesi asije akawaibia na wao. Wakamsikia. Pikipiki ya Perpetua ikawa inapita vichochoroni na hakuna anayetoka.

Mvua zilinyesha, mtama ukapanda juu ukazificha nyumba, na mavuno yalikuwa bado mbali, Perpetua alipokuja kwenye kilabu cha Azumpoka kwa miguu. Ilikuwa asubuhi, wateja hawajafika. Azumpoka alimwona na akafanya uso wa mbuzi, lakini mgeni ni mgeni: alichota maji, akatia unga wa mtama, akakoroga, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Perpetua alikunywa mpaka chini.

"Mtani," alisema, "nimekuja kupigwa. Nilikosa. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza."

"Kupigwa utapigwa," Azumpoka alijibu. "Nachagua fimbo tu."

"Chagua taratibu. Ila kwanza sikiliza. Jana nimemwona Lamisi kwenye pampu ya maji. Miguu imevimba mpaka ndala hazimwingii. Uso umejaa. Alikuwa anashika kichwa akidhani hatumwoni. Hiyo ni presha ya mimba, mtani. Ikipanda, mwanamke anaanguka na degedege, anakwenda yeye na mtoto wake. Nimewaona wakienda. Mimi siwezi kuingia kwenu. Na hiyo presha haingoji mavuno."

Azumpoka alikipokea kibuyu kitupu, akakifudikiza chini.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda kituoni ukae. Usipande hiyo pikipiki yako kwenda popote."

Alimkuta Lamisi ameketi kizingitini akichambua majani ya mboga, akiyainua mpaka karibu na macho. Azumpoka alichuchumaa. Bila kusema kitu alikandamiza kidole gumba juu ya mguu wa mke wa kaka yake, akakiondoa. Shimo likabaki. Alingoja lijae, halikujaa.

"Miguu yako ina nini?" aliuliza.

Lamisi alitazama chini. "Nimetembea sana, wifi."

"Na kichwa?"

"Jua, wifi."

Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Azumpoka alimtazama yule binti, naye alimtazama, na wote wawili walijua, na wote wawili hawakuwa na ruhusa. Azumpoka aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu alipofiwa, na hofu yake ilikuwa na uchungu ndani yake, maana walioufunga mdomo wa Lamisi hawakuwa mizimu peke yake. Mizimu ilitaka kuku. Sherehe aliitaka yeye.

Alisimama, akajikaza kibwebwe, akaenda kwa baba yake.

Mzee Akolgo alikuwa chumbani mwake akisokota kamba.

"Baba, majivu yamwagwe leo."

"Sisikii."

"Unasikia. Majivu, leo."

"Mavuno yako wapi? Neno lilitoka kwa mgeni, nyumba imeaibika. Wewe mwenyewe ulipiga kelele kuliko jogoo."

Azumpoka alikaa chini, jambo ambalo hulifanya tu anapokuwa na kesi. "Baba, ulipofiwa na kaka yako mkubwa, Wadagaaba walikuja msibani?"

"Walijaa."

"Walisema nini juu ya marehemu?"

Mzee aliachia kamba. Mdomo wake ulianza kucheza. "Walisema mlafi mkubwa. Kwamba amevimbiwa kichwa cha mbwa alichowaibia, ndicho kilichomuua. Mmoja alitaka kumfungua kinywa atazame."

"Ulikasirika?"

"Nilicheka mpaka nikasahau kulia."

"Na mizimu? Ilidai kuku?"

"Mizimu ikasirikie watani? Umerukwa na akili?"

"Sasa Perpetua ni nani?"

Mzee aliokota kamba yake.

"Ni Mdagaaba, baba. Ni mtani wa nyumba hii na wa mizimu yake yote. Alichosema pale penye mizani ni neno la mtani, na neno la mtani halivunji kitu. Hakutuibia. Alitania tu, na sisi tukajitia hamnazo tukamwita mgeni. Majivu yako palepale, na haki iko palepale."

"Tangu lini umekuwa wakili?"

"Tangu asubuhi. Baba, nimebonyeza mguu wa yule mtoto. Shimo halifutiki. Mtama wa zamani tunao, kuku tunaye. Ukingoja mtama mpya utakuwa wa matanga."

Hilo mzee alilisikia. Alikuwa amezika wanawake wa nyumba ile, na mmoja wao alikuwa mama yake Azumpoka.

"Sawa," alisema. "Nitaongea na mizimu. Lakini kama ni mtani, afuate njia ya mtani. Mtani akianza kazi nyumbani mwako hakimbii katikati. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Amalize yeye."

"Yaani?"

"Majivu amwage nesi. Wewe utamshikia kibuyu."

Siku ya majivu Azumpoka aliingoja tangu Ayamga anatambaa. Alikuwa ameshafikiria atajificha wapi, atavaa nini, atatukana matusi gani matamu. Alikuwa na haki ya kukataa, na akikataa ubishi ungekwenda mpaka jioni, na kesho, na mtondo. Alimtazama baba yake aone kama anatania. Hakuwa akitania.

"Nitamshikia," alisema, na machozi yalimtoka ya hasira kabisa. "Lakini akikosea nitampiga teke."

Perpetua alivua viatu vyake vyeupe mlangoni. Walimficha nyuma ya ghala la mtama, na mwili ule haukufichika, ukachungulia pande zote mbili. Wake wa nyumba walijifanya wanatwanga. Ayamga alijifanya anatafuta mbuzi. Mzee Akolgo alikuwa amekwisha kuchinja kuku na kunong'ona na mizimu yake. Lamisi akatoka chumbani akishikilia ukuta.

"Sasa," Azumpoka alinong'ona.

"Kiasi gani?"

"Konzi moja! Moja!"

Perpetua alikomba kibuyu kizima. Majivu yalipaa, yakamfunika Lamisi, yakamfunika Ayamga aliyekuwa karibu kuliko mbuzi wake, yakaingia katika chungu cha mboga.

"Wewe!" Azumpoka alifoka. "Unamtangaza au unamzika? Sema maneno!"

"Una mimba!" Perpetua aliita, akikohoa. "Una mimba, Lamisi! Na huyu hapa ndiye mwizi aliyekutia, tumemkamata!"

Vigelegele vilipasuka ua mzima. Wanawake waliacha michi, wakamzunguka, wakamwita mama, wakamtania Ayamga mpaka akakosa pa kuweka mikono. Na katikati ya kelele hizo Lamisi, mweupe kwa majivu toka kichwani hadi kidevuni, alianza kusema.

"Kichwa kinaniuma," alisema. Hakuna aliyemsikia, akasema tena kwa nguvu. "Kichwa kinaniuma! Kinaniuma tangu mvua za kwanza. Naona vimulimuli mchana. Hapa chini ya mbavu panachoma. Mtoto alikuwa anacheza sana, sasa anacheza kidogo. Siwezi kulala, nikilala naona nakufa. Naogopa, wifi. Naogopa na nilikuwa sina wa kumwambia!"

Vigelegele vilikatika. Azumpoka ndiye aliyemdaka. Walikaa chini wote wawili kwenye majivu, na Lamisi alilia na kusema, kulia na kusema, na Perpetua, amepiga magoti, alikuwa amekwisha kumfunga kipimo cha presha mkononi. Alikitazama, akatazama watu. Hakucheka tena.

"Pikipiki ya magurudumu matatu ya nani iko karibu?" aliuliza. "Bolgatanga. Sasa hivi."

Ililetwa ile ya kubebea magunia ya vitunguu. Walitandika magodoro, Lamisi akalazwa kwa ubavu, Perpetua upande huu na sindano yake, Azumpoka upande ule. Njia nzima Lamisi aliongea. Alieleza kila maumivu na lilianza lini, ndoto alizoota, chakula alichotamani akashindwa kuomba. Azumpoka, ambaye hajawahi kumwachia mtu amalize sentensi, alimshika mkono na kumsikiliza mpaka geti la hospitali.

Daktari alisema wangechelewa mpaka kesho yake, pasingekuwa na la kuzungumza. Mtoto alitolewa siku hiyo, wa kike, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja na kifundo cha mkono, mwenye hasira nyingi. Aliishi. Lamisi aliumwa, akapona, akarudi Tengbisi na mtoto kifuani chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, kama walivyofundishwa, na Azumpoka alimfukuza kila aliyetaka kumbeba.

Kisha alianza tena kupita nyumba kwa nyumba kwa mawifi wenzake. Safari hii hakupita kuwaambia wafunge.

"Mnangoja mavuno ya nini?" aliwauliza. "Majivu yako jikoni kila siku. Mkiona bibi harusi anatema mate asubuhi, mwagieni! Sherehe tutakunywa baadaye, kwangu, nusu bei."

Wengine walimbishia, wazee wawili wakanuna mwaka mzima. Lakini mawifi walipenda, maana walipata kazi mpya: anayemwaga ndiye anayempeleka kituoni, na kule Perpetua humpa wifi kiti kabla ya kumpima mke. Wakaanza kushindana. Baraza la kituo likajaa bibi harusi wenye majivu kwenye nywele.

Bwana Atanga wa wilaya aliona mambo yamebadilika Tengbisi, akaja. Alifurahi kwelikweli, hakuwa mtu mbaya. Alisema atatoa agizo wilaya nzima, kila wifi amwage majivu mimba ikiwa changa, na watashonewa fulana.

"Fulana nitavaa," Azumpoka alisema. "Agizo liache. Kuna vijiji utakuta si majivu, na kuna vijiji si wifi. Utawaagiza nini? Mtume nesi wako akae, anywe maji ya unga, aulize kwanza hapa nani anafungua midomo ya watu. Akimjua huyo, amtanie, amnywee pombe yake, na akimkosea aje apigwe. Huyu wetu alikosea akaja. Ndiyo maana yuko hapa."

"Sijapigwa bado," Perpetua alisema.

"Nachagua fimbo."

Mkurugenzi alicheka, lakini agizo hakulitoa, na hiyo ni sifa yake.

Mtoto alipoanza kukimbiza vifaranga, asubuhi moja ya siku ya soko, kilabu kimejaa wateja mpaka mlangoni, Lamisi aliingia na kusimama mbele ya vyungu. Mimba ya pili haina majivu wala miiko. Mwenyewe anaweza kumwambia amtakaye, na aghalabu humwambia mumewe kwanza, chumbani.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilifika kwa jirani. "Nina mimba. Ayamga bado hajui. Nimetapika leo, na kichwa hakiniumi, na nataka nipimwe kabla hakijaanza."

Wateja waligeuka, vibuyu mikononi. Azumpoka alimtazama yule binti mpole kutoka ng'ambo ya vilima, amejishika kiuno katikati ya wanaume, na moyo ukamjaa mpaka akakosa tusi la kumpa.

"Jihudumieni wenyewe," aliwaambia wateja, akavaa ndala, akatoka na Lamisi kwenda kituoni.